Stesheni ya Maktau: kabla ya kugombania jengo, itazameni ardhi

Stesheni ya Maktau, kwenye reli ya zamani ya Voi hadi Taveta nchini Kenya, ina mabishano: wako wanaotaka treni irudi, wanaotaka jengo wapewe wanakijiji, na wanaotaka vyuma ving'olewe viuzwe. Tuanze na historia. Reli hiyo ilizaliwa na njaa ya wapagazi. Agosti 1914, vita vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka upande wa Moshi yakaiteka Taveta. Waingereza walikuwa na reli yao kuu ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, lakini ilipita Voi, na kutoka Voi hadi Taveta ni takribani kilomita 110, sehemu kubwa nyika isiyo na maji. Wanyama wa mizigo hawakudumu kwa sababu ya mbung'o. Kazi ikabaki kichwani mwa binadamu, na hesabu yake ni hii: mpagazi hubeba kama kilo 25, hula karibu kilo moja ya posho kwa siku, na kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku hutumia siku 5 au 6 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Akirudi Voi ameshakula karibu nusu ya alichobeba, na hapo maji bado hayajahesabiwa. Jeshi la maelfu ya watu halilishwi hivyo. Mwaka 1915 kombania za reli za 25 na 26 za wahandisi wa kijeshi kutoka India zikaanza kutandika reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura, na kufikia Juni mwaka huo ncha ya reli ilikuwa imefika Maktau.

Ikasimama hapo kwa miezi kadhaa, na kusimama huko ndiko kulikoipa Maktau jina. Palikuwa kambi, ghala la risasi na unga, na mwisho wa bomba la maji lililoletwa kutoka vilima vya Bura. Julai 14, 1915 Waingereza walijaribu kuiteka Mbuyuni, mbele kidogo ya hapo, wakashindwa. Doria za Wajerumani nazo zilikuwa zikivizia usiku na kulipua reli. Mbuyuni ilichukuliwa Januari 1916, shambulio la kilima cha Salaita la Februari 12 likashindwa vibaya, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza Machi. Ndani ya mwaka huohuo reli ilisukumwa mbele hadi Kahe, ikaunganishwa na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Makaburi ya askari wa Kihindi yako Maktau mpaka leo. Wapagazi Waafrika, ambao bila wao hata hiyo reli isingetosha, hawana alama ya namna hiyo hapo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Historia hii inaeleza kwa nini stesheni iko pale ilipo. Maktau haikuchaguliwa kwa sababu ya mavuno wala soko. Ilichaguliwa kwa sababu majeshi yaliweza kukaa hapo na maji yakafikishwa. Kijiji kilikuja baadaye, kikajipanga kandokando ya reli. Anayezungumzia kuifufua au kuigawa stesheni hii na ajue kwamba anashughulika na mahali ambapo tangu mwanzo paliishi kwa kile kilichopita, kwa kuwa pao penyewe hapakutoa mzigo wa kujaza treni.

Vita vilipokwisha, reli ya kijeshi ikawa ya biashara, na mvutano wake wa kwanza wa amani ulikuwa wa bandari. Kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na milango miwili ya kutokea: kushuka Tanga kwa reli ya Usambara, au kupita Kahe, Taveta, Maktau na Voi hadi Mombasa. Kila gunia lililopita Maktau lilikuwa gunia lililoikosa Tanga. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na tawi hili likawa kiungo cha mifumo miwili. Hadi mwaka 1963, ilipokamilika njia ya Mnyusi hadi Ruvu, behewa lililokuwa Moshi halikuwa na njia ya reli ya kufika Dar es Salaam, ila Mombasa lilifika. Kiungo cha Ruvu kilipofunguka, Tanganyika haikuihitaji tena njia ya Maktau. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa mpaka mwishoni mwa 1983, mabehewa na injini zikagawanywa, na kila nchi ikabaki na shirika lake.

Huwa inasemwa kwamba barabara ndiyo iliyoua reli hii. Barabara ya lami ya Mwatate hadi Taveta imekuja juzijuzi tu, muongo uliopita. Reli ilikuwa imeshadhoofika miaka mingi kabla. Kilichoiua ni kukatwa kichwa: tawi linalounganisha mifumo miwili, ukilikata upande mmoja, linakuwa kichochoro kisichotokea popote. Stesheni za katikati ndizo hufa kwanza, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kupishanisha treni, na treni moja kwa wiki haina wa kupishana naye.

Hapo ndipo inapofaa kueleza stesheni ni nini hasa, kwa sababu mabishano mengi huanza na kuishia kwenye jengo. Pale treni za kwenda na za kurudi zinapotumia njia moja, stesheni ya kijiji ni njia ya pembeni ya kupishana, ndefu kiasi cha kumeza treni nzima. Ni pointi mbili, moja kila mwisho, za kuigeuza treni iingie njia ya pili. Ni ishara za kumwambia dereva kama aingie au asimame nje. Na ni stesheni masta mwenye mamlaka ya kumpa dereva ruhusa ya kuingia kipande cha njia kinachofuata. Bila ruhusa hiyo mkononi hakuna treni inayoondoka, maana treni mbili zikikutana katikati ya kipande hakuna pa kukwepea. Tangi la maji lilikuwepo kwa sababu injini za mvuke zilikunywa. Ghala la mizigo lilikuwepo kwa sababu behewa halimsubiri mkulima. Ofisi ya tiketi, ile tunayoipiga picha, ndiyo sehemu ndogo na rahisi kuliko zote. Treni inaweza kuendeshwa bila ofisi ya tiketi. Bila njia ya kupishana, kwenye umbali wa kilomita 110, treni ya pili haianzi safari mpaka ya kwanza imalize.

Kambi ya kwanza katika mabishano haya inataka treni irudi, na ina mifano ya kweli. Kenya iliifufua njia ya Nanyuki mwishoni mwa 2020 kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu shilingi bilioni 1.8, na treni ya abiria ikarudi kwenye stesheni zilizokuwa zimeota majani. Upande wa Tanzania, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Kwa hiyo Kahe, ambako tawi la Voi liliungana na reli ya Tanga, iko tena kwenye njia iliyo hai. Wanaotaka treni wanauliza, na swali lao ni la haki: ikiwa majirani wa pande zote mbili wamefufua, kwa nini kipande cha katikati kiachwe?

Jibu limo katika vyuma. Reli za matawi ya zamani zilikuwa nyepesi. Zile za mwanzo za Reli ya Uganda zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, yaani kama kilo 25 kwa mita. Reli nyepesi hivyo, juu ya mataruma ya zamani (zile pau za kukingama ambazo reli hulalia), haistahimili zaidi ya tani 10 hivi kwa ekseli. Behewa la ekseli nne hapo lina uzito wa tani 40 kwa jumla, na ukitoa uzito wa behewa lenyewe unabaki na tani 23 au 24 za mzigo. Treni ya mabehewa 20 inabeba kama tani 470, sawa na malori 17 ya tani 28. Malori 17 kwenye lami hufika Mombasa siku hiyohiyo, kila moja kwa saa yake. Treni hiyo, kwenye njia dhaifu, itatambaa kilomita 30 kwa saa.

Kwa hiyo kufufua kwa maana halisi ni kutandika upya, na wingi wa vitu ni huu. Kila kilomita inahitaji mataruma kama 1,350. Kwa kilomita 110 ni karibu 150,000. Reli za kilo 40 kwa mita ni tani 80 kwa kila kilomita, tani 8,800 kwa njia nzima. Ukitumia vipande vya mita 12 unapata viungo 167 kwa kilomita, kila kimoja na bolti 4, yaani bolti zaidi ya 73,000. Kokoto ni karibu mita za ujazo 800 hadi 1,000 kwa kilomita. Hayo yote ni ya juu ya tuta tu. Tuta lenyewe na makalavati, yaani mifereji ya kupitisha maji chini yake, ni kazi nyingine, na hiyo hutangulia. Kosa linalorudiwa kwenye miradi ya kufufua ni kuanza na kinachoonekana, kufyeka vichaka na kubadilisha mataruma, huku kalavati limezibwa na mchanga wa miaka 30. Mvua ya kwanza kubwa inapiga ukuta wa tuta, maji hayana pa kutokea, yanapanda na kuchimba upande wa pili. Utaona reli mpya inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na mataruma yake bado yamefungwa vizuri.

Taruma la chuma linastahili maneno yake, kwa sababu ndilo linalowadanganya wakaguzi. Lina umbo la mtumbwi uliopinduliwa, ncha zake zimekunjwa chini zishike kokoto, na juu lina masikio yanayoishika reli kwa kabari. Ukipita kwa gari la doria unaliona limekaa sawa, kutu yake ya kahawia ya kawaida tu. Kinachooza ni pale reli inapolikalia, na upande wa chini ambako udongo umeshika unyevu na chumvi. Ukaguzi wa kweli ni wa magoti: fukua kokoto, kwangua kwa brashi ya waya, piga kwa nyundo ya kilo moja mahali pa reli. Taruma zima linalia kengele. Lililokonda linatoa sauti ya debe, na mara nyingine nyundo inatokea upande wa pili. Pia tazama mizizi ya masikio, kwa sababu sikio likipasuka kabari haina kazi, reli inasogea nje milimita chache kila treni inapopita kwenye kona, na upana wa milimita 1,000 kati ya reli mbili unakuwa 1,020, kisha 1,030, kisha gurudumu linadondoka ndani. Njia isiyofanyiwa ukaguzi huu wa taruma kwa taruma haina bei inayoaminika ya ufufuaji, hata tarakimu zikiandikwa vizuri namna gani.

Mzigo upo? Upo, lakini si wote unaopenda treni. Mwatate kuna shamba kubwa la mkonge, na Taveta nako mkonge una historia ndefu. Robota za mkonge ni mzigo mwema wa reli: haziozi, zinapangika, zinaweza kungoja siku mbili behewa lijae. Ndizi na nyanya za Taveta, ambazo ndizo pesa za watu wengi, ni kinyume chake. Ndizi hukatwa leo ziwe sokoni kesho alfajiri, na mfanyabiashara wa ndizi hana haja na behewa la tani 23. Ana haja na lori linaloondoka jioni hii. Halafu kuna kikwazo cha Voi. Reli mpya ya upana wa milimita 1,435, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ina stesheni yake Voi, tofauti na ile ya reli ya zamani. Mzigo wa Taveta ungeendelea Mombasa kwa njia ya zamani, au ushushwe na kupakiwa upya. Na kama Tanzania itajenga reli ya upana huo mpya kutoka Tanga kwenda Arusha, kama mipango yake inavyosema, tawi la mita moja litakuwa limezungukwa na majirani wasiolingana nalo pande zote mbili.

Kwa hayo, hoja ya kurudisha treni leo, juu ya reli ileile, ni dhaifu. Hoja ya kutoifunga njia ya treni ya kesho haijadhoofika hata kidogo, na watu huchanganya hizi mbili.

Kambi ya pili inasema: jengo wapewe wanakijiji. Darasa la chekechea, zahanati, kinu cha posho, maktaba, au jumba dogo la kumbukumbu ya vita. Hapa pia kuna haki kubwa. Jengo lisilokaliwa hufa haraka kuliko linalokaliwa vibaya. Bati moja likipeperuka, maji yanaingia ukutani, mbao za paa zinalowa, mchwa wanapanda, na katika misimu michache ya mvua paa linakaa chini. Mlango ukiondoka leo, fremu inaondoka kesho.

Wanaotaka jengo wanapaswa kulijua wanaloliomba. Mali hiyo ni ya Shirika la Reli, na mara nyingi kinachotolewa ni kibali cha muda mfupi kinachoweza kuvunjwa kwa notisi. Mfadhili wa zahanati akiona kibali cha mwaka mmoja, anafunga faili, na ana sababu: hawezi kuweka saruji na vyuma juu ya karatasi ya miezi 12. Ndiyo maana stesheni nyingi zilizogeuzwa kuwa kitu kingine zimegeuzwa kwa rangi na madawati tu. Kinachohitajika ni mkataba wa miaka 15 au 20 wa jengo peke yake, wenye mpaka uliochorwa, unaosema waziwazi kwamba jukwaa, njia na uwanja wa reli haviko ndani yake.

Halafu ukarabati wenyewe. Kuta za mawe za enzi hizo zilijengwa kwa chokaa mara nyingi, na adui yake mkubwa ni fundi mwenye nia njema na mfuko wa saruji. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka chini hutokea kwenye viungo vya mawe. Ukipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya miaka michache plasta inang'oka ikiwa na uso wa jiwe. Kwa viungo, tumia chokaa sehemu moja kwa mchanga safi sehemu mbili na nusu au tatu, ukilowesha ukuta kwanza na kuufunika kwa magunia mabichi siku kadhaa usikauke kwa pupa. Kabla hata ya hapo, shusha udongo uliojikusanya miguuni mwa ukuta, na chimba mfereji wa kupeleka maji ya paa mbali. Na kama nyumba za wafanyakazi zimeezekwa kwa shiti za asbesto, mtu asizivunje wala kuzikata kwa msumeno. Zilowekwe, zifunguliwe nzimanzima, zifungwe na zipelekwe zinakoruhusiwa.

Kati ya matumizi yanayopendekezwa, jumba la vita ndilo linalovutia zaidi kwenye karatasi. Maktau ina geti la hifadhi ya Tsavo Magharibi, ina ranchi za jamii za LUMO jirani, na wageni wa Taita Hills tayari hupelekwa kuona viwanja vya mapigano. Inafaa kuandikishwa kuwa jengo la kihistoria chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kwa sababu bila tangazo hilo sheria hiyo haimzuii mtu kulibomoa. Lakini jumba linahitaji mtu wa kufungua mlango kila siku, na mshahara wake ni wa kila mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Chumba kimoja chenye picha za majenerali hakimlipi. Nafasi ya kweli ni kukiunganisha chumba na kitu ambacho kijiji kinakitumia kila siku, mathalani kituo cha maji au duka la ushirika, ili mwenye funguo awepo hata siku isiyo na mgeni. Na kama jumba hilo litakuwepo, liwe la wapagazi kwanza. Hesabu yao ya kilo 25 na posho ndiyo iliyoileta reli, na hakuna mahali panapoifaa kuliko hapo.

Ghala la mizigo, kwa kweli, lina faida kuliko ofisi. Lina sakafu iliyoinuliwa kwa kimo cha behewa, ambacho kinakaribiana na kimo cha lori. Ushirika wa wafugaji au wakulima ungepakia magunia pale bila kuinua begani. Ajabu ni kwamba maombi mengi huwa ya ofisi.

Kuhusu kung'oa na kuuza vyuma, sina mengi. Kwa kilo 25 kwa mita, reli mbili zina tani 50 kwa kilomita, tani 5,500 kwa njia nzima, na hicho ndicho kishawishi. Wizi wa vyuma vya umma ulifikia hatua ya serikali ya Kenya kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, ikafunguliwa tena Mei kwa masharti. Kung'oa kwa utaratibu si dhambi, ikiwa reli hizo hazitabeba tena treni ya maana. Hatari iko katika kile kinachofuata: reli ndiyo alama ya mwisho inayoonekana ya mpaka. Siku inapoondoka, mkanda wa ardhi unaonekana kama shamba lisilo na mwenyewe.

Mkanda huo ndio uzito wa jambo zima. Ukichukua mita 30 kila upande wa katikati ya njia, kila kilomita ina hekta 6, na kutoka Voi hadi Taveta ni kama hekta 660 zilizonyooka bila kukatika, zilizosawazishwa tayari, zenye mteremko ambao treni inauweza. Nyumba ya stesheni unaweza kuijenga upya kwa miezi sita. Mkanda kama huo ukishamegwa viwanja, kuurudisha ni kesi mia kadhaa, fidia, na mabuldoza alfajiri. Ufufuaji wa njia ya Nanyuki uliambatana na kubomolewa kwa vibanda na majengo ya watu waliokuwa wamefanya biashara miaka mingi juu ya hifadhi ya reli, na maumivu yale yalitokana na miaka ya kimya. Kila mwaka ambao mwenye ardhi hakusema kitu, mtu aliongeza tofali.

Hapo najua pingamizi, na ni zito. Zaidi ya asilimia 60 ya Kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya hifadhi za Tsavo, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mashamba ya mkonge na ranchi. Watu wamebanwa. Kumwambia mtu asiye na shamba kwamba hekta 660 zikae bure zikingoja treni ambayo huenda wajukuu wake ndio wataiona, ni kumwambia jambo gumu, na anayelisema akiwa na hati ya kiwanja chake mjini alifikirie mara mbili. Ardhi iliyofungwa bila matumizi kwa miaka 40 nayo ni dhuluma.

Lakini kufunga na kugawa siyo njia pekee. Mkanda wa reli unaweza kulimwa. Kibali cha msimu au cha mwaka kwa mazao mafupi, kunde, pojo, mahindi pale mvua inaporuhusu, hakizuii chochote, maana mvuno ukiisha ardhi iko wazi. Malisho pia, mradi mifugo isivuke juu ya tuta na kulimomonyoa. Sharti ni mbili tu: hakuna saruji, hakuna mti wa kudumu ndani ya mita 10 za katikati ya njia, kwa sababu mizizi ndiyo inayopasua tuta. Mkanda uleule unaweza kubeba bomba la maji au waya wa intaneti pembeni kabisa, karibu na mpaka, kwa kodi ya kila mwaka. Na kwa Maktau, iliyoanza maisha yake kwenye ncha ya bomba la Bura, bomba lingekuwa na maana kuliko treni kwa miaka mingi ijayo. Kodi hiyo ndiyo ingelipa walinzi wa makalavati.

Kwenye stesheni penyewe mkanda unapanuka, na hapo ndipo pa kuwa wakali. Treni ya mabehewa 20 ya mita 14, pamoja na injini, ina urefu wa karibu mita 300. Njia ya kupishana inahitaji kama mita 400 zilizonyooka na tambarare, tena kwa treni za kesho urefu huo utazidi. Soko likiwekwa ndani ya mita hizo, hata kama ni la vibanda vya mbao, stesheni imekwisha, jengo libaki zuri namna gani. Soko liwekwe upande wa barabara, nyuma ya ghala, lifaidike na sakafu iliyoinuliwa.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni ya mpima ardhi, na inafanyika hata kama pointi zimeshang'olewa. Mahali pa pointi huacha alama: mataruma ya njia ya kawaida yana urefu mmoja, lakini yanapokaribia pointi yanaanza kurefuka moja baada ya jingine, kwa sababu kila moja linabeba njia mbili zinazoachana. Hata vyuma vikiondoka, mashimo yake hubaki kwenye kokoto yakitanuka kama kipepeo. Tafuta mtanuko huo pande zote mbili za uwanja, nyoosha mstari kati yake, pima mita 30 kila upande na zaidi palipo na ghala, simika mawe ya mpaka ya zege kila mita 100, na bandika ramani yake kwenye ukuta wa stesheni kabla mtu hajapewa funguo za jengo.